Kikao cha kupima kama mtoto yuko tayari kwa chekechea: maoni yangu baada ya kumpeleka wa kwangu

Jamani niseme mapema, naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibakiza nitaeleza imeenda wapi maana sio jambo dogo. Huduma yenyewe iko hivi: kabla mtoto hajaandikishwa chekechea shule inawaita, fomu mnajaza nyumbani, mnakuja asubuhi moja mtoto anacheza na wenzake huku mwalimu anamwangalia, alafu anakaa mezani na mwalimu mwingine anaulizwa ulizwa maswali, na baadaye mzazi unaitwa kuongea na kupewa ripoti. Jina la shule sitaji, huduma ya namna hii siku hizi ipo sehemu nyingi na ninachosema hapa kitakufaa hata ukienda kwingine kabisa.

Kilichonipeleka ni umri. Binti yangu kazaliwa karibu sana na ile tarehe ya mwisho ya kuhesabia umri, kwa hiyo akiingia mwaka huu atakuwa mdogo kuliko darasa zima, akisubiri atakuwa mkubwa kuliko wote, na hapo ndo ndugu wote walikuwa na maoni yao, huyu anasema mpeleke atazoea, yule anasema mwache akomae. Na sio kwamba wanabishania kitu cha bure. Mtoto wa miaka mitano ukimweka na mwenzake aliyemzidi miezi kumi na moja, tofauti yao ni karibu sehemu ya tano ya maisha yote ya huyo mdogo! Kuna utafiti wa mwaka 2018 ulitoka kwenye jarida la New England Journal of Medicine, waliangalia watoto wa Marekani kwenye majimbo ambayo tarehe ya mwisho ni Septemba 1, wakakuta waliozaliwa Agosti, yaani wadogo wa darasa, wamepewa jibu la ADHD (ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika) kwa kiwango cha juu kwa asilimia 34 kuliko waliozaliwa Septemba. Mtoto wa Agosti na wa Septemba hawana tofauti ya ubongo inayotokana na mwezi, ila mmoja ndo mdogo wa darasa na mwingine ndo mkubwa wa darasa linalofuata, kwa hiyo utoto wa kawaida kabisa wa huyo mdogo unaonekana ugonjwa. Hilo lilinikaa kichwani, nikasema nataka mtu anayejua watoto amwangalie wangu kwa macho yake, nisiamue kwa kelele za sebuleni.

Tuanze na fomu, maana hiyo niliipenda kuliko nilivyotegemea. Maswali yake yote yana majibu matatu, ndiyo, saa zingine, bado. Hilo neno bado nakuambieni ni zuri sana kwa mzazi, kwa sababu hauandiki kwamba mtoto hawezi, unaandika kwamba hajafika. Fomu zinazojulikana sana za aina hii ni zile za Ages and Stages walizotunga kina Jane Squires na Diane Bricker kule Chuo Kikuu cha Oregon, zinaanzia mtoto wa mwezi mmoja mpaka miezi 66, na zinagawa mambo sehemu tano: kuongea na kuelewa, misuli mikubwa kama kukimbia na kuruka, kazi za vidole, kutatua matatizo, na namna anavyoishi na watu na kujihudumia. Ya kwetu ilifuata mpangilio huo huo. Maswali ni ya vitu vinavyoonekana, sio ya kubahatisha: anaweza kuruka kwa mguu mmoja? anakata karatasi kwa mkasi akifuata mstari? anavaa shati mwenyewe, vifungo je? anaenda chooni, anajisafisha na kunawa bila kukumbushwa? ukimpa maagizo matatu kwa mpigo, kachukue viatu, weka pale, alafu njoo ukae, anafika mwisho au anapotelea kwenye cha kwanza?

Na juu ya fomu wameandika kabisa kwamba kama hujawahi kumwona akifanya, usijaze kwa kudhani, mpe nafasi ajaribu kwanza ndo ujaze. Hiyo sentensi moja imenifundisha mengi kuhusu mwanangu kuliko kitu kingine chochote kwenye shughuli hii nzima. Kuna vitu nilikuwa na uhakika navyo, kumbe sijawahi kumpa nafasi kwa sababu tunatoka haraka asubuhi na mi ndo namfunga zipu, mi ndo namvalisha viatu, mi ndo namfungulia chombo cha chakula, na darasani mwalimu mmoja ana watoto kibao, hawezi kufunga zipu za wote. Tukaanza kutoka mapema kidogo ili afanye mwenyewe. Kwa hiyo hata kabla hatujafika shuleni fomu ilikuwa imeshatupa kazi ya kufanya, na kwangu mi hicho ndo kipimo cha huduma ya namna hii, inakuachia kitu cha kufanya au inakuachia jibu la kubeba tu?

Sasa kipindi cha kucheza. Hapa ndo nyota zangu nyingi zimekwenda. Watoto waliingizwa wachache wachache kwenye darasa lenye vibao vya kujengea, udongo wa kufinyanga, vitabu vya picha na kona ya nguo za kujifanyisha, mwalimu mmoja anacheza nao na mwingine kakaa pembeni na daftari haingilii kitu. Wazazi tuliruhusiwa kuangalia kupitia dirisha. Binti yangu mlangoni akalia, akanishika nguo, nami moyo ukadunda kwa kuona basi tena hapa tumeshafeli. Yule mwalimu wa daftari akanisogelea akasema, Mama, kulia sio shida, mi naangalia anavyotulia. Akanieleza kwamba wanachoandika ni kinamchukua muda gani kurudi, na anarudi kwa msaada wa nini, anatulizwa na mtu mzima asiyemjua? anavutwa na mchezo? au inabidi mzazi arudi ndani kabisa? Kwa sababu asubuhi za mwanzo za shule wengi watalia, na mwalimu akijua kwamba huyu anatulizwa kwa kupewa kazi ya mikono na yule anatulizwa kwa kukumbatiwa, kazi yake inakuwa nyepesi na mtoto hateseki. Wa kwangu ikawa udongo. Akashika udongo, akakaa, machozi bado yanamtoka huku anafinyanga.

Vingine walivyoandika ni vile ambavyo mzazi nyumbani huvioni kirahisi, hasa kama mtoto ni mmoja au kawazidi wenzake sana umri. Mwenzake akimnyang'anya kitu anafanyaje, anapiga, anaacha tu, anasema, au anamtafuta mkubwa? Anaweza kungoja zamu? Akishindwa kitu anaomba msaada au anakitupa? Na lile la kuhama kutoka jambo moja kwenda lingine, muda wa kukusanya vitu ukifika anaacha mchezo au dunia inaisha? Wakawachezesha na mchezo mmoja wa kugeuza, ukiambiwa gusa kichwa unagusa vidole vya miguu, ukiambiwa vidole unagusa kichwa. Watoto wanacheka mpaka basi lakini sio mchezo tu, Megan McClelland na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon State wameutengeneza kuwa kipimo kabisa cha uwezo wa mtoto kujizuia, kwa sababu hapo mtoto lazima asikilize, akumbuke sheria, na auzuie mkono wake usifuate alichosikia, vyote kwa wakati mmoja. Na ukifikiria vizuri, kukaa darasani ni hicho hicho kuanzia asubuhi mpaka kengele.

Nilipenda pia hawakumharakisha mtu. Kuna mtoto hakufungua mdomo kipindi chote, na nilisikia mwalimu akimwambia mama yake kwamba haina neno, aje tena siku nyingine, siku moja mtoto anaweza kuwa hajalala vizuri. Ushauri wangu hapo hapo, ukipewa nafasi ya kuchagua muda chagua asubuhi, usikubali ile ya mchana wakati mtoto anataka kulala, utampima usingizi wake badala yake yeye.

Haya, mezani sasa. Hapa sikuridhika na sitaficha. Mtoto anakaa na mwalimu anaonyeshwa kadi, hii herufi gani, hii rangi gani, hili umbo gani, hesabu mpaka 20, nakili hii picha, na mwisho inatoka namba, na mbele ya namba kuna kisanduku, tayari au hayuko tayari. Kazi zenyewe hazina ubaya, kibaya ni hicho kisanduku.

Nitaeleza kwanini. Kupima watoto kabla ya shule sio jambo jipya, daktari Arnold Gesell wa Chuo Kikuu cha Yale alianza zamani hizo kuangalia watoto na kuandika wa umri huu hufanya hivi na wa umri ule vile, na kutokana na kazi yake vikaja vipimo vya kusema mtoto huyu aingie, huyu asubiri. Mwaka 1987 mtaalamu mwingine, Samuel Meisels, akaandika wazi kwamba vipimo vya namna hiyo vilikuwa havijathibitishwa vya kutosha kubeba uamuzi mzito kiasi hicho. Alafu mwaka 2000 Karen La Paro na Robert Pianta wakakusanya tafiti 70 zilizofuatilia watoto kutoka kabla ya shule mpaka madarasa ya mwanzo, wakakuta vipimo vya akili na masomo vinaeleza kama robo tu ya tofauti za watoto huko mbele, na vya tabia na kuishi na wenzao asilimia 10 au chini ya hapo. Sasa nauliza, robo ndo inipe mimi neno moja la kumwekea mtoto mwaka mzima wa maisha yake? Sehemu kubwa iliyobaki iko kwingine, kwa mwalimu atakayempata, darasa lina watoto wangapi, nyumbani kukoje, na mtoto mwenyewe anavyokua, maana umri huu anaweza kulala hajui kitu akaamka anakijua.

Na angalia wenzetu wanaopima kwa umakini kuliko wote. Kanada, kule Chuo Kikuu cha McMaster, kina Magdalena Janus na Dan Offord walitengeneza dodoso linaitwa Early Development Instrument, linajazwa na mwalimu mtoto akiwa ameshakaa darasani miezi kadhaa, na Australia wamelichukua wakalifanyia marekebisho, tangu 2009 wanalifanya nchi nzima kila baada ya miaka mitatu. Lakini matokeo yake hayatumiki kumhukumu mtoto mmoja mmoja hata kidogo, yanasomwa kwa kundi, kwamba watoto wa eneo hili wanahitaji msaada zaidi wa lugha, wa eneo lile afya. Watu waliokaa wakalifikiria jambo hili muda wote huo wamekataa kumwekea mtoto kisanduku, sasa sisi kwa kadi za dakika chache tunapata wapi ujasiri huo?

Isitoshe huko kuwa tayari kunategemea umesimama nchi gani. Uingereza mtoto anaingia darasa la mwanzo kabisa akiwa na miaka minne, Ufini shule yenyewe inaanza mwaka anaofikisha saba na kabla ya hapo kuna mwaka mmoja wa maandalizi. Mtoto yule yule, mwezi ule ule, huku kachelewa na kule bado mdogo. Hata chekechea yenyewe ilivyoanzishwa na Friedrich Fröbel mwaka 1837 kule Bad Blankenburg, Ujerumani, ilikuwa ni mahali pa kucheza, kuimba, kupanga vibao na kulima bustani, hakuna aliyetakiwa kuja na herufi mkononi. Mi naona tukidai mtoto ajue kusoma ndo aruhusiwe kwenda mahali pa kujifunzia, tumeweka paa kabla ya ukuta.

Ila sitaki niitupe meza yote. Kipande kimoja kilinifaa sana. Mwalimu alimwambia binti yangu ahesabu, akahesabu mpaka 20 kama wimbo bila kukosea, nikafurahi. Kisha akamwambia nipe vifungo vitano kwenye hiki kikopo, akachota mkono mzima akampa. Kumbe zile namba alikuwa anaziimba tu, hajui bado kwamba tano ni hivi vitano vya kushikika. Na hilo lina uzito, kwa sababu mwaka 2007 Greg Duncan na wenzake waliunganisha takwimu sita kubwa za watoto wa Marekani, Kanada na Uingereza, wakakuta katika vyote mtoto anavyoingia navyo shuleni, uelewa wa mwanzo wa hesabu ndo unaashiria zaidi atakavyofanya baadaye, ukifuatiwa na kusoma, alafu umakini. Kwa hiyo taarifa ile ilikuwa ya thamani. Ukiniambia mtoto wako anaimba namba, mhesabishe vitu vya mkononi, vijiko, ngazi, vifungo, hapo nakushukuru. Ukiniambia kapata maksi hizi kwa hiyo hayuko tayari, umeninyima taarifa yote ile ukanipa woga.

Jambo lingine kwa wenye watoto wa lugha mbili, ulizeni mapema mtoto atapimwa kwa lugha gani. Anayejua maneno nusu kwa lugha ya mama na nusu kwa ya baba, ukimpima kwa moja tu ataonekana ana maneno machache wakati anayo mengi. Nilipouliza wakasema wanakubali mtoto ajibu kwa lugha yoyote mwalimu anayoielewa, sawa, lakini ilibidi niulize, haikuandikwa popote.

Na sasa ile nyota niliyobakiza. Hawapimi masikio wala macho. Wala hawakuambii uje na majibu ya kliniki. Kwenye fomu kuna swali moja tu, umewahi kuwa na wasiwasi na kusikia kwa mtoto, basi. Jamani mtoto wa umri huu anaweza kuwa na majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio kutokana na mafua ya mara kwa mara, haumwi, halalamiki, ila anasikia kama mtu aliyezama kwenye maji, na yanaweza kuja na kuondoka. Mtoto wa hivyo ukimpa maagizo matatu atafanya moja. Ukimwita kwa mgongo hageuki. Atazubaa. Kwenye daftari la mwalimu ataandikwa hafuati maelekezo, umakini mdogo, na kwenye kisanduku atawekewa hayuko tayari, angojeshwe mwaka mzima nyumbani na sikio lake lile lile ambalo hakuna aliyelitazama. Hapo mi nakasirika kabisa. Na macho hivyo hivyo, mtoto hajui kwamba wengine wanaona vizuri zaidi yake, atakuambiaje? Kama unaendesha huduma ya kupima utayari, masikio na macho ndo ya kwanza kabla ya kadi yoyote. Niliwaambia, wakaandika, natumaini watafanyia kazi.

Maongezi ya mwisho na ripoti, hapo walijitahidi sana. Mwalimu wa daftari ndo alikaa nami, hakuanza na maksi, alianza na kuniuliza wewe mama unamwonaje, alafu akanisomea alichokiona. Ripoti imeandikwa kwa lugha ya kueleweka, anaweza nini, nini bado, na nyumbani mfanye nini, na kila bado ina jambo lake la kufanyia mazoezi. Kuhusu kumngojesha mwaka alikuwa mkweli. Kasema wazazi wengi wanafanya hivyo wakidhani wanampa mtoto faida ya kudumu, na kweli wanafanya, Marekani mwaka 1968 asilimia 96 ya watoto wa miaka sita walikuwa wameshafika darasa la kwanza au zaidi, kufika 2005 wakawa asilimia 84. Lakini ile faida ya kuwa mkubwa inaonekana zaidi mwanzoni, madarasa yakisonga inapungua, na huo mwaka wa kungoja kama nyumbani hakuna cha kumkuza unakuwa mwaka wa kukaa tu. Akaniambia kwamba chama cha walimu wa watoto wadogo cha kule Marekani, NAEYC, kilishasema tangu miaka ya 90 kwamba kigezo cha haki cha kumwandikisha mtoto ni kufikisha umri uliowekwa kisheria, yanayobaki ni kazi ya shule kujiandaa kumpokea alivyo. Nikamuuliza, sasa mwalimu, nyie mmejiandaaje kumpokea huyu wangu anayelia mlangoni? Akanijibu bila kutafuta maneno: udongo utakuwa mezani kabla hajaingia, wiki ya kwanza atakuja nusu siku, na ripoti hii anapewa mwalimu wake wa darasa, haikai ofisini.

Kwa jibu hilo nikaandikisha. Kile kisanduku kilisema hayuko tayari kwa maksi chache, na mwalimu mwenyewe alikubali kwamba hakimzuii mtu, basi nikamwomba wakiondoe kabisa kwenye karatasi wanayopewa wazazi, kwa sababu sio kila mzazi atauliza, kuna atakayekisoma akarudi na mtoto nyumbani kimya kimya.

Kwa nani naipendekeza: mzazi ambaye mtoto wake yuko mpakani mwa umri, au hajawahi kukaa na watoto wengine, au ana jambo moja linalokutia wasiwasi na unataka jicho la pili. Kabla hujapanga siku waulize kama mtoto ataangaliwa akicheza au ni mezani tu, maana kama ni mezani tu hiyo siwezi kuipa hata nyota mbili. Waulize atapimwa kwa lugha gani, akishindwa siku hiyo anarudi lini, na ripoti inamfikia mwalimu wa darasa au la. Na kama mtoto wako anaongea kwa shida, anaita kwa sauti kubwa kupita kawaida, anasogelea sana vitabu au skrini, au kuna kitu alikuwa anakiweza na sasa hakiwezi tena, usianzie kwenye kikao hiki, anzia kliniki apimwe vizuri, alafu njoo na yale majibu yako uyaweke mezani kabla ya kadi.